Mahari ya Miti Iliyosimama

Kapita hakuweza kuupita mti bila kuupiga kofi. Aliupiga kwa kiganja kizima, juu kidogo ya kiuno, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayengoja kuitikiwa. Nimemwona akiipiga miti mikubwa ya miputu porini, nimemwona akiupiga mwavokado wa jirani, na siku moja mjini aliipiga nguzo ya umeme mbele ya posta, watu wakasimama kumtazama.

"Hii haina kitu ndani," akasema, akaendelea na safari yake.

Nguzo ilikuwa ya chuma.

Jina lake la ubatizo silitaji, na hata katika mtaa wetu wa Kampemba, Lubumbashi, wachache walilijua. Aliitwa Kapita kwa sababu aliwahi kuwa kapita, msimamizi wa kikosi cha wakata miti wa mkandarasi mmoja Mzungu aliyeuza magogo ya kushikilia dari za migodi. Mkandarasi aliondoka wakati mali za wageni zilipogawiwa raia wa Zaire, mrithi wake akauza misumeno na malori, kazi ikafa. Cheo kilibaki. Kofia ngumu ya njano pia ilibaki, na Kapita aliivaa hata kwenye misa mpaka padri alipomwomba aivue, kwa kuwa kanisani hakuna kinachoanguka. Kapita alitazama kwanza mbao za paa, ndipo akaivua.

Mimi ninayeandika haya nilikulia katika parseli, kiwanja kinachopakana na chake. Baba yangu alisukuma toroli katika karakana ya reli mpaka mgongo ukapinda, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono. Nilishinda mitihani kwa kichwa changu, nikapata msaada wa masomo kwa kichwa changu, nikaenda Ubelgiji, nikarudi injinia wa misitu, wa kwanza katika mtaa ule, na mpaka leo sijasikia wa pili. Nasema hivi ili msomaji asidhani nitamletea hadithi ya mzee wa porini aliyemfundisha msomi majina ya majani. Misitu niliisoma shuleni, na niliisoma vizuri. Kwa Kapita nilipata kitu kingine, na nimeshindwa kukipa jina, ndiyo maana naandika.

Tulipatana kwa sababu wote wawili tulikuwa watu wa kujisifu, na sifa zetu hazikugombania kitu kimoja. Mimi nilijisifu kwa miti niliyoijua, yeye kwa miti aliyoiangusha. Niliporudi kutoka Ulaya, mtaa wote ulikuja kunishika mkono, wanawake wakapiga vigelegele. Kapita alikuja wa mwisho, akanizunguka, akanitazama kuanzia viatu.

"Basi njo Diplome huyu," akasema. "Karibu, Diplome. Miaka yote ile kule, ulikata muti hata moja?"

"Hapana, Baba. Nilijifunza kuitunza."

"Ah! Kutunza kitu hauyakata, iko sawa na padri kufundisha bantu ndoa."

Watu walicheka sana. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa na cheti sandukuni na sikuwa na haja ya kukasirika. Tangu siku hiyo aliniita Diplome alipotaka kunichokoza, na Ingénieur alipotaka kitu.

Fahari yake kubwa ilikuwa Kipushi. Tulikuwa tukikaribia mji ule siku moja katika gari langu, akanionyesha minara ya mgodi kwa mbali.

"Unaona Kipushi?"

"Naiona, Baba."

"Hapana, hauione. Weye unaona manyumba. Kipushi ya kweli iko chini. Kule kwiko musitu muzima. Miti imesimama mu giza, haina majani, haina ndege, inashika udongo isiangukie bantu. Ile musitu njo miye nilipanda."

"Uliipanda au uliikata?"

"Weye Diplome! Kwani kupanda kwenda chini haiko kupanda?"

Alisema hivyo akicheka, lakini nilipomtazama nikaona kicheko hakikufika machoni. Tulikuwa tunapita kwenye uwanda ambao zamani ulikuwa msitu mnene wa miombo, na sasa palikuwa na nyasi zinazomzidi mtu urefu, na hapa na pale kichaka. Alikuwa akijua kila kipande kilikatwa mwaka gani, kwa mgodi upi, na nani aliangukiwa na tawi.

Sasa nieleze habari ya mahari, maana bila hiyo Kapita haeleweki.

Yeye alitoka kaskazini ya Katanga, mtoto wa Wakatoliki. Mkewe alikuwa binti wa wenyeji wa huku kwetu, ambao vijiji vyao vilikuwa ndani ya misitu hiyo tangu kabla ya mji. Kikosi cha Kapita kilipofika kwenye ardhi ya ukoo wa binti, kilikuwa na karatasi ya serikali, na karatasi hiyo haikuwauliza wenyeji kitu. Walikata msimu mzima. Mwisho wa msimu, Kapita alikwenda na kofia yake mkononi kumwomba binti kwa mjomba wake, mwenye ardhi, kwa kuwa kwa watu wale mtoto ni wa upande wa mama.

Mjomba alipokea vitambaa na vitu vingine vilivyoletwa, kisha akasema maneno ambayo Kapita aliyarudia mbele yangu mara nyingi, kila mara kwa sauti ya yule mzee:

"Umekula musitu yetu, haukusema aksanti. Sasa unataka na mutoto yetu. Muzuri. Kwiko bonde moja imebakia, pale mutoni unatokea. Iko na mitondo, iko na finkubala. Usiikate. Na mwingine asiikate. Siku bajukuu batazeeka na bale bajukuu babo bakiokota finkubala pale, tutasema mahari yako imeisha."

Finkubala ni viwavi wanaoliwa. Hutokea wakati wa mvua kwenye mti uitwao mutondo, na kwa wenyeji wa Katanga hakuna kitoweo kinachowashinda. Watu waliokuwapo walidhani mzee anamfanyia mgeni dhihaka. Kapita hakuiona dhihaka. Alikuwa mtu wa mikataba, aliona mkataba.

Tatizo lilikuwa mkandarasi, ambaye aliliona bonde lile na akalitamani. Kapita alimpeleka mwenyewe. Akaenda mti kwa mti, akipiga kofi, akiinamisha kichwa, akitikisa kichwa. Huu umeoza. Huu pia. Huu unaweza kumwangukia mchimbaji. Mzungu yule alikuwa ameliamini sikio la Kapita kwa miaka, akaliamini na siku ile. Kikosi kikalizunguka bonde, kikaendelea mbele.

"Nilidanganya," alikuwa akiniambia, "na miti ilisikia. Ilikuwa mizima kama ngoma."

Kwa hiyo alioa, lakini mahari yake ilikuwa ya miti iliyosimama, na mahari ya namna hiyo haina siku ya kuisha. Kwa wakwe zake, mwanamume aliyemaliza kila kitu hupikiwa karamu kubwa, matebeto, vyungu vingi vikiletwa na wanawake kwa nyimbo. Baada ya hapo anaweza kuingia nyumbani mwao na kula pamoja nao. Kabla ya hapo huletewa chakula pembeni. Kapita alizeeka akila pembeni. Nimemwona mimi mwenyewe, kichwa cheupe, kofia ya njano juu ya goti, ameketi nyuma ya nyumba ya mjomba na sahani ya bukari, ugali wetu, kama kijana aliyeposa jana.

Yeye jambo hilo lilimchekesha. Mkewe halikumchekesha. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, aliyesema maneno machache na yote yakabaki.

"Mabwana ya bandugu yangu bote banakula mu nyumba," aliniambia siku moja akipepeta mahindi. "Ya kwangu anakula na kuku."

"Lakini, Mama, analinda chakula cha ukoo wenu."

"Najua. Na kuku najua."

Msomaji sasa anaona jinsi mambo yalivyokuwa: bonde likisimama, mumewe alikuwa na heshima mbele ya mjomba, na yeye mke alikuwa na aibu mbele ya dada zake. Kapita alilijua hilo. Alikuwa akimletea vitenge kutoka Mokambo, alivyovipata kwa wafanyabiashara wa mpakani, na yeye alivipokea na kuvikunja.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtakatifu wa miti. Nyumbani kwake mbabula, jiko la bati, ilikuwa ikiwaka kutwa, na gunia la makala, mkaa wa kupikia, lilisimama karibu na mlango kama kwa kila mtu katika Lubumbashi. Nilimuuliza siku moja makala yale yanatoka wapi.

"Yanatoka mu mufuko."

"Na kabla ya mfuko?"

"Diplome, ukikula nyama, unauliza ngombe jina yake?"

Alikuwa na sikio la makala pia. Aligonga kipande kwa kipande na kutaja mti. Mara moja nilimwona akigonga, akasita, akakirudisha kipande kile kwenye gunia taratibu, akakifunika kwa kingine. Sikumuuliza ni mti gani.

Alilinda bonde kwa njia zake, na nyingine zilikuwa za kipumbavu. Aliokota mahali fulani kibao cha chuma cha kibanda cha umeme, chekundu, chenye fuvu la kichwa na maneno ya Kifaransa ya kuonya juu ya kifo. Akakifunga kwa kamba ya gome kwenye mutondo wa kwanza, kwa sababu msumari alikataa. Watu waliogopa kweli. Wakata miti wageni walifika, wakatazama juu kutafuta waya, hawakuuona, wakaogopa zaidi. Lakini mvua zilipokuja, hata wanawake wa ukoo walikataa kuingia kuokota finkubala, na mjomba, ambaye bado alikuwa hai, alimwita Kapita.

"Ulituwekea mufu ku mulango. Finkubala batakula banani? Huyu mufu?"

Ikabidi akiondoe kila msimu wa viwavi na kukirudisha baadaye. Mwaka mmoja alipokwenda kukirudisha, hakukikuta pale alipokificha. Tulikiona baada ya muda sokoni Hewa Bora. Fundi alikuwa amekikunja mbabula nzuri kabisa, fuvu likitazama wanunuzi, na mama mmoja alikuwa akichoma mahindi juu yake. Kapita alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akainama, akatazama ndani ya mbabula ile.

"Na hii unachomea na nini, mama?"

"Makala, baba. Unataka hindi ao unataka kuhesabu moto?"

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya moto, na katika ugomvi huo mimi ndiye niliyekuwa na haki. Miombo huungua, utake usitake. Wawindaji huwasha, wakulima huwasha. Mwenye akili huchoma mwenyewe mapema, mwanzoni mwa kiangazi, wakati nyasi bado zina unyevu na moto unatembea chini kama mgonjwa. Asiyechoma mapema hupata moto wa Oktoba, unaopanda mitini, unaoua machipukizi na kuwaunguza viwavi waliojizika udongoni kungoja mvua. Haya niliyaandika katika kazi yangu ya mwisho wa masomo, na maprofesa waliyasifu. Nilimweleza Kapita kwa maneno rahisi.

"Mahari haichomwe," akajibu.

Nilimweleza tena mwaka uliofuata. Alisimama katikati ya bonde, mikono kiunoni, akaniambia kwamba alishaona msitu ukifa kwa shoka na hataki kuuona ukifa kwa kiberiti cha msomi. Oktoba moto ulitoka upande wa mashamba, ukaingia, ukala ubavu mzima wa bonde. Mvua zilipokuja, ubavu ule haukuwa na kiwavi hata mmoja. Wanawake waliokota upande wa pili tu, wakisukumana.

Kapita hakunisemesha kwa miezi. Kisha, kiangazi kilipoanza, aliingia ofisini kwangu, idara ya misitu, na kofia kichwani, akaweka kiberiti mezani.

"Twende, Ingénieur."

Tulichoma pamoja, mimi nikiongoza na yeye akifuata moto kwa tawi bichi. Miaka iliyofuata hapakuungua tena vibaya. Hilo ni kazi yangu, na ninajivunia.

Bonde lile nililionyesha kwa wageni wa ofisi, kwa sababu lilieleza kwa macho kile ambacho vitabu hueleza kwa kurasa. Mahali palipokatwa kote kuzunguka, mvua ilikimbia juu ya ardhi ngumu, mto ukajaa tope jekundu, na kiangazi ukabaki mchanga. Uyoga ulipotea, kwa kuwa uyoga wa miombo huishi na mizizi ya miti na hukosa pa kukaa mizizi ikifa. Nyuki walihama. Lakini kwenye bonde chemchemi iliendelea kutoa maji hata Septemba, na wanawake wa vijiji vya mbali walikuja na ndoo zao. Kapita alipenda kuwaona wakija. Alisimama njiani na kuwasalimu kama mwenye duka.

Kisha nyakati zikawa mbaya. Shaba ilishuka bei, na unga ambao wafanyakazi wa migodi walikuwa wakigawiwa ukapungua, halafu ukachelewa, halafu ukawa maneno. Wanaume wa Kampemba walinunua kinga, maana baiskeli kwetu ndiyo kinga, na alfajiri zikawa zinaingia mjini kwa mstari kutoka barabara ya Kipushi, kila moja na magunia ya makala yaliyozidi urefu wa mwenye kuisukuma. Wengi walikuwa vijana wa zamani wa kikosi cha Kapita. Alikuwa amewafundisha yeye mwenyewe kukata.

"Jambo, Kapita!" walimwita wakipita.

"Jambo. Unaacha shina?"

"Shina?"

"Shina! Nilikufundisha kukata hapa," akajipiga gotini, "muti utachipuka. Mungu aliweka miti ya huku na roho mbili."

"Kapita, shina njo iko na makala muzuri. Inawaka mpaka kesho. Na mutoto wangu atakula ile roho ya pili?"

Shina la miombo huchipuka kweli. Ukiliacha na kulisubiri miaka ishirini, thelathini, unapata msitu tena. Ukiling'oa umeng'oa msitu. Lakini hakuna mtu mwenye njaa anayeweza kusubiri miaka thelathini, na mimi nilikuwa na mlinzi mmoja wa misitu, mzee, asiye na gari, kwa eneo ambalo gari lingelizunguka kwa siku kadhaa.

"Ingénieur, andika loi," Kapita aliniambia.

"Sheria ipo, Baba."

"Iko wapi?"

"Kabatini."

"Basi itoshe mu kabati. Ipeleke mu bonde, isimame pale na miye."

Alianza kwenda bondeni kila juma, halafu mara mbili kwa juma, kwa miguu na kwa malori ya watu. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mjomba akafa, Kapita akazika pamoja na wakwe, akala pembeni siku zote za matanga. Mwaka uliofuata nyonga yake ilikataa kutembea. Alilala nyumbani msimu mmoja wa mvua, na kiangazi, na msimu mwingine. Alituma watu wakaangalie bonde, na watu walirudi wakisema liko salama. Sijui kama walifika.

Mara ya mwisho nilipokuwa naye siku nzima ilianza kwa furaha, na furaha hiyo haikuwa yake. Mkewe alikuja kwangu asubuhi akiwa na kitenge kipya, kimoja cha vile vilivyokunjwa miaka yote. Sikuwahi kumwona akitembea haraka namna ile.

"Ingénieur! Batamupikia bwana yangu matebeto! Mupwa ya mujomba alituma muntu. Banasema mahari imeisha. Utupeleke na motokari yako, uvae costume ya Ulaya, bandugu yangu baone."

Nilivaa. Kapita aliketi mbele karibu nami, amevaa koti jeusi, bila kofia, fimbo kati ya magoti. Njia nzima mkewe aliimba kwa sauti ndogo kiti cha nyuma. Kapita alinigeukia mara moja tu.

"Mahari ile iliisha namna gani?" akaniuliza. "Bajukuu ya bajukuu beko wapi?"

Kuna kona kabla ya kijiji ambapo siku zote uliona bonde kama ukuta wa kijani. Tulipopinda, niliona anga. Niliona anga mpaka chini. Kapita aliniwekea mkono juu ya usukani.

"Simamisha."

Alishuka kwa shida, nami nikashuka naye. Mkewe alibaki garini. Tulitelemka kidogo, hatukuhitaji kwenda mbali. Mashina yalikuwa yameng'olewa, na mahali pa kila mutondo palikuwa na shimo. Matanuru ya udongo yalifuka moshi kando ya chemchemi, na chemchemi ilikuwa imegeuka uji mwekundu uliokanyagwa. Lori moja lilikuwa likipakiwa magunia.

Mpwa wa mjomba alitufuata pale chini, kijana aliyenona ndani ya suti ya abakosti, mjumbe wa chama katika eneo lile. Alimpokea Kapita kwa mikono miwili, kwa heshima ya kweli, sikuona uongo ndani yake.

"Karibu, mukwe yetu. Mujomba yangu alikufunga kamba muda murefu. Shiye tunakufungua. Musitu haiko tena, na deni haiko tena. Leo utakula mu nyumba."

"Nani alikata?" Kapita akauliza.

"Shiye benyewe. Tuliuzia tajiri mwenye lori. Bantu beko na njaa, Kapita. Na udongo iko yetu. Hapana?"

"Iko yenu," Kapita akasema.

"Karatasi ya zamani ilikata bila kutuuliza. Safari hii tulijiuliza."

Mpwa alirudi juu kuharakisha wanawake. Kapita alibaki amesimama ukingoni mwa shimo moja, fimbo imezama katika udongo laini.

"Diplome," akaniambia bila kunitazama, "nikikatala kukula, bibi yangu atakufwa bibi ya muntu wa kukula nyuma ya nyumba. Nikikula, nimekubali. Batasema Kapita alipokea, Kapita alishiba. Nifanye nini?"

Nilimwambia nililolijua, kwa kuwa sijazoea kumdanganya mtu.

"Baba, miti haitarudi kwa sababu umekataa kuku."

"Na nikikula?"

"Pia haitarudi."

"Basi masomo yako yamefika hapo."

"Yamefika hapo."

Juu kijijini ngoma ilianza. Wanawake walitoka jikoni kwa mstari, vyungu vichwani, wakiimba, na mke wa Kapita alikuwa ameshuka garini, amepokelewa na dada zake, yuko katikati yao. Alicheza kwa miguu mizito, mikono juu. Alikuwa amepita kona ile ile pamoja nasi, na macho yake yaliona kama yetu, lakini hakugeuza kichwa hata mara moja kuelekea bondeni. Kapita alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanipa mkono nimsaidie kupanda.

Waliingiza miguu yake mizee ndani ya nyumba ya marehemu mjomba kwa mara ya kwanza. Walitandika mkeka mpya chini yake. Walifunua vyungu kimoja kimoja, wakieleza kila chakula: kuku, bukari, majani ya mihogo na karanga, samaki mkavu, na sahani ndogo ya finkubala, ambao mpwa alisema bila kuona haya kwamba wamenunuliwa Mokambo kwa watu wa ng'ambo, kwa kuwa mwaka huo huku hawakutokea. Mkewe alipiga magoti mbele yake, akapiga makofi ya heshima, akamnawisha mikono. Alimimina kwa furaha mpaka maji yakamwagika mkekani.

Kapita alimega bukari. Alikula kama mtu aliyeajiriwa kula, kinywa baada ya kinywa, bila kuinua uso. Nyumba nzima ilimtazama, halafu vigelegele vikapasuka. Mpwa akacheka kwa kuridhika na kusema kwamba mzee alikuwa na njaa ya ndoa nzima.

"Kula, Ingénieur," Kapita akaniambia. "Usiniache peke yangu."

Nilinawa, nikala. Nyama ilikuwa imepikwa kwa moto wa pole pole, moto wa makala usio na moshi, ikiachana na mfupa yenyewe. Ilikuwa tamu. Ningependa kuandika vinginevyo.

Mkewe alimsogelea kuondoa vyungu, kwa kuwa kwa desturi mume hula kidogo na kinachobaki hugawiwa watoto. Kapita alimshika kifundo cha mkono.

"Hapana, mama. Lete na ile ingine," akasema. "Lete yote. Isibakie kitu."